Jina la Wifi Kwenye Kura

Hartzell, Septemba 6

Wifi yangu Verna,

Mambo ya huko kwenye jua? Sisi huku wazima. Mdogo wako Merle mzima, mgongo wake ndo ule ule, analalamika akiinama na akiinuka. Mimi mzima kuliko wote, bado napakua chakula pale shuleni na watoto bado wanaficha karoti mifukoni.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu na wewe ni kupigiana kelele tu. Jumapili nilikuuliza umekula nini ukanijibu mjomba alishazikwa. Nikakata. Barua angalau usipoelewa unairudia. Mwandiko wangu unaujua, kuku kakanyaga wino, na shule niliiacha kabla haijaniacha, kwa hiyo vumilia.

Sasa kaa chini. Umekaa? DARAJA LIMEFUNGWA!

Ndiyo, lile letu, la mbao lenye paa, la Kijito cha Tulley. Dereva mmoja wa lori la vifurushi kaangalia ramani yake ya kwenye simu, ikamwambia nyoosha. Akanyoosha! Kibao cha kusema lori kubwa lisipite kipo pale tangu Merle ana nywele. Nilikuwa kibarazani namenya maharage, nikasikia krrraaa, kama mtu anafungua kopo la dunia nzima. Natoka mbio, namkuta kijana wa watu kakaa ndani ya lori, paa la daraja limemkalia kichwani, ananiuliza, "Mama, hii ndiyo barabara ya Tulley?" Nikamwambia, "Ilikuwa, baba. Ilikuwa."

Basi kata ikaleta vizuizi vya saruji, ikaweka upande huu na upande wenu. Wenye miguu wanapita wakijibana, magari hakuna. Sisi wa Ng'ambo tukitaka maziwa tunazunguka kata ya jirani yote, tunapita mashamba ya uyoga, tunatokea kwenye shule, ndo tunarudi Hartzell yetu wenyewe kama wageni. Kumwagilia maua yako sasa ni safari ya kubeba sandwichi.

Na usidhani watalitengeneza. Madiwani watatu unawajua. Mzee Hershel Bortz anataka litengenezwe. Bi Fay Landis anasema libomolewe liishe. Wa tatu anastaafu, kiti chake ndo kinapigiwa kura Novemba, na kwenye karatasi kuna jina moja tu: Clayton Prizer! Yule wa zile nyumba mpya za kule juu, zilizopandwa kwenye shamba la mahindi, zote rangi ya uji. Keshasema, akiingia tu, Januari anapiga kura daraja libomolewe, maana Ng'ambo tuko wachache na tutazoea. Tutazoea! Mtu mwenyewe akikosa mkate anavuka barabara tu.

Niandikie. Unafanya nini huko siku nzima?

Wifi yako anayekusumbua,
Dot

*

Florida, Septemba 15

Dot,

Barua nimeipata. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kazi.

Mimi sijambo. Kuna jua. Jana pia kulikuwa na jua. Mwanangu Dale na mkewe wananitunza vizuri. Kuna bwawa la kuogelea na wazee wenzangu wanarukaruka humo asubuhi kwa muziki ambao siusikii. Chungwa unachuma mwenyewe.

Ile harufu ya mbolea ya uyoga, ilikuja mwaka huu mwezi wa nane kama kawaida? Na king'ora cha zimamoto bado kinalia saa sita mchana? Nauliza tu.

Nani anaita namba za bingo siku hizi pale kituo cha zimamoto?

Maua yaache yafe. Dale anasema nyumba tuiuze majira ya kuchipua, mimi nimeshahamia huku. Usizunguke kata nzima kwa ajili ya maua.

Verna

*

Hartzell, Oktoba 4

Wifi wa machungwa,

Umeshaota magamba kama mamba wa huko? Maua sijayaacha na sitayaacha. Harufu ilikuja, tena ya mwaka huu ilikuwa na mikono na miguu, ilikuwa inakugongea mlango. Wale wa nyumba mpya walipiga simu kata wakidhani bomba la choo limepasuka. Nilicheka mpaka nikakohoa. King'ora kinalia saa sita kamili na mbwa wa jirani Kriebel bado anaitikia.

Bingo anaita mke wa Kriebel. Wifi, ni msiba. Anaita namba kama anaomba radhi. Watu wa meza ya nyuma hawasikii kitu, wanafunika kwenye kadi namba wanazozipenda wenyewe, kisha wanapiga kelele "Bingo!" kama wameshinda. Wote wanasema: "Angekuwepo Verna!" Wewe ukiita B kumi na mbili mtu anaisikia mpaka kwenye maegesho. Masikio yako yamekwenda lakini sauti yako umeiacha kwenye kuta za kile kituo.

Sasa nikupe habari yenyewe. Jumatatu iliyopita bomba letu la moshi limeshika moto!

Tulia. Tumepona. Lakini ngoja nikusimulie. Merle kawasha jiko la kuni, baridi ya kwanza ile, nami nilimwambia tangu kiangazi bomba lisafishwe, akasema kesho, ile kesho yake ndefu unayoijua, wewe ndo umemlea. Mara nasikia juu kunanguruma kama treni. Nikapiga simu zimamoto. King'ora kikalia. Na Verna, gari liliwahi! Tuliliona! Likaja kwa upande wenu, taa nyekundu zinazunguka, likafika kwenye kile kizuizi cha saruji, likasimama. Wao kule, sisi huku, kijito katikati. Tunaonana! Merle kasimama uani na nguo ya ndani anapunga mikono, anapiga kelele, "Mnanionaaa?" Na mmoja wao anajibu, "Tunakuonaaa, vaa suruali!"

Gari likageuka, likazunguka kule kwa wenyewe. Vijana watatu wakaona wasisubiri, wakapita darajani kwa miguu, kila mmoja na mtungi wake wa kuzimia moto begani, wanakimbia. Wakaniwahi. Gari lilipofika, sisi tumeshawapa vijana kahawa na keki, na moshi umebaki kwenye mapazia tu.

Nilicheka usiku ule. Asubuhi yake sikucheka. Nilikaa jikoni nikaangalia ule ukuta mweusi, nikawaza, je ingekuwa Merle kaanguka, kifua kimembana? Nani anambeba mtu begani kwenye mbao zilizovunjika? Wakilibomoa, hata wale vijana watatu hawana pa kupita.

Jumamosi ndo ikawa siku ya kuku wa kuchoma pale kituoni. Kata nzima ipo kwenye foleni, moshi umetanda, Prizer anapita anashika watu mikono, kavaa shati limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Kanifikia mimi.

"Bi Yerger, pole na moto. Lakini mmeona, huduma ilifika."

Nikamwambia, "Ilifika ndiyo, mheshimiwa. Ilifika ikatupungia mkono."

Foleni yote ikaangua kicheko. Kawa mwekundu kama kuku mwenyewe.

Ila nilipokuwa pale kwenye foleni, wifi, kuna wazo liliniingia. Nilikuwa nimeshika sahani. Sikwambii. Ni dogo tu. Usiniulize.

Dot

*

Florida, Oktoba 13

Dot,

Unapika nini?

Nakufahamu. Ukisema dogo, mtu anaishia kituo cha polisi.

Moto umenitia hofu. Mwambie Merle dada yake kasema ni mjinga. Msomee hapo kwa sauti.

Huyo Prizer kwa nini yuko peke yake kwenye karatasi? Pale chini ya jina lake kuna mstari mtupu. Mtu anaruhusiwa kuandika jina lolote la mtu wa kata. Kwa nini wewe usisimame? Kila mtu unamjua, kila mtu anakujua, na ukianza kusema hakuna anayeondoka.

Huku kuna jua. Mke wa Dale kanipeleka kwenye bingo. Namba zinatokea kwenye kioo, hakuna anayeita. Nilirudi mapema.

Gari la kufyonza majani yaliyopukutika limeshapita mtaani kwangu? Kama halijapita mwambie Merle ayasogeze majani yangu ukingoni. Siyo kwamba nina haja. Ni kwa ajili ya majirani.

Verna

*

Hartzell, Oktoba 22

Wifi,

Mimi nisimame udiwani! Nilicheka hadi Merle akatoka bafuni na povu. Wifi, mimi? Kwenye ile meza mbele ya bendera, nisome yale makaratasi? Prizer ana shahada, mimi nina kijiko kikubwa cha shule. Watu wananipenda nikiwa kwenye foleni. Mezani ni kitu kingine. Hata Merle hawezi kuandika jina langu, na Merle anakula kwangu.

Majani gari limeyabeba. Nilikwenda nikalisimamia. Dereva alitaka kuruka nyumba yako, kasema haina mtu. Nikamwambia ina mtu, yuko safarini. Sijui kwa nini nilisema hivyo, imenitoka tu.

Ninaandika kwa haraka, kuna watu wanakuja. Wengi kidogo. Wa Ng'ambo wote na wa mji wa zamani kule bondeni na mke wa Kriebel, na hata wawili wa nyumba za rangi ya uji, maana watoto wao hula kwangu. Ni chai tu. Usiniulize nimekwambia!

Dot

*

Hartzell, Novemba 9

VERNA!

Kaa chini. Ukikaa, shika kitu.

Nimekuficha na sasa nasema yote. Lile dogo. Niliwaambia watu wote wa kata hii, mmoja mmoja, kwenye foleni ya kuku, kwenye foleni ya posta, kwenye foleni ya sindano za mafua, shuleni kwa kila mama anayekuja kuchukua mtoto, kwamba pale kwenye mstari mtupu waandike jina lako. Ndiyo. LAKO. Verna Stauffer.

Nani mwingine? Niliwaza pale nimeshika sahani: ni jina gani watu wa juu na watu wa bondeni wote wanalijua na hakuna anayelichukia? Ni la aliyewaitia bingo miaka yote. Hata walioshindwa kila Alhamisi hawakukulaumu wewe, walilaumu kadi. Nikawaambia, "Mnataka mtu wa kusikika kwenye kile kikao? Verna akisema 'daraja' watamsikia mpaka mji mkuu." Hakuna aliyekataa. Mzee Hershel alifuta macho, haki ya Mungu.

Jumanne tukapiga kura pale pale kituoni. Kulikuwa na mvua, wifi, na watu walikuja! Kawaida ni wazee na makarani wanasinzia. Safari hii foleni imefika kwenye gari la zimamoto. Wa Ng'ambo wameegesha upande wetu wakavuka daraja kwa miguu, miavuli kichwani, wanajibana kwenye kizuizi mmoja mmoja, kama harusi. Mke wa Kriebel kaingia, katoka, kaniambia kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, "Nimemwandika." Nilimsikia kwa mara ya kwanza.

Majina ya kuandika kwa mkono hayahesabiwi usiku ule, yanapelekwa wilayani. Tukangoja. Jumatano hakuna. Alhamisi hakuna, nimeunguza viazi vya shule nzima. Ijumaa wakabandika karatasi mlangoni pa kituo. Merle kaendesha, mimi nimeruka kabla gari halijasimama.

SAWASAWA, VERNA! Kura zako na za Prizer, SAWASAWA! Hakuna aliyezidi hata kwa moja! Watu wamepiga kelele mpaka mbwa wa Kriebel kaja mwenyewe kuangalia.

Na ngoja. Chini yenu ninyi wawili kuna mstari wa tatu. Umeandikwa Dolores Yerger. Kura moja.

Mimi! Kuna mtu kaniandika mimi! Nilisimama pale, nimesoma jina langu kwenye mlango ule mara sijui ngapi. Kisha nikakasirika. Nani huyo mpumbavu? Si angekuandika wewe tumalize! Nikamgeukia Merle, nikamshika kola: "Ni wewe?" Kaapa kwa marehemu mama yenu kakuandika wewe. Nikamuuliza Hershel, mke wa Kriebel, wale vijana watatu. Wote wewe. Yule dada wa wilayani aliyekuja kubandika kasema hiyo moja iliingia kwa posta. Nadhani ni bibi Moyer kule nyumba ya wazee, ananipenda kwa sababu ya keki, na siku hizi anachanganya kidogo.

Wifi, usinichukie. Najua umehama. Najua una machungwa. Prizer keshaanza kusema mtu wa Florida hawezi kuwa diwani wa Hartzell, na nikilala nawaza huenda kweli. Hilo sikuliwaza kwenye foleni ya kuku. Nilikuwa na sahani.

Niandikie haraka, hata kama ni matusi.

Dot

*

Florida, Novemba 16

Dolores,

Umefanya nini?

Nimesoma barua yako mezani na Dale akaniuliza nani kafa.

Miaka sabini na mmoja sijagombea hata uongozi wa kwaya. Unaniweka kwenye kinyang'anyiro nikiwa kwenye bwawa! Na ukajua ukanificha mwezi mzima na zaidi, wewe ambaye siri hulali nayo. Hilo ndilo limenishangaza kuliko yote.

Bibi Moyer mwache. Usimsumbue.

Niache nifikiri.

Verna

*

Hartzell, Novemba 22

Wifi yangu,

Umeniita Dolores. Mara ya mwisho umeniita hivyo nilikuwa nimechoma nguo yako ya harusi ya binamu. Basi najua.

Ninaandika nikiwa kitandani. Mafua, wifi, yamenipiga chini, na sauti imekwenda kabisa. Natoa mlio kama mlango. Merle anatembea ndani anapiga mluzi, sijamwona na furaha hivi tangu tulipooana. Jana alikaa akasema, "Nyumba ina utulivu." Nikamrushia kandambili.

Tarehe moja Desemba ndo siku. Wakilingana, wilaya inachezesha bahati: kuna chupa ina vimipira vyenye namba, kila mtu anachomoa kimoja, mwenye namba ndogo anachukua kiti. Ndo sheria yetu hapa, huamini lakini ndiyo. Udiwani wa Hartzell, daraja letu, na gari la zimamoto lipite au lisipite, vyote viko ndani ya chupa.

Na barua imekuja kwangu, maana nyumbani kwako hamna mtu: lazima mgombea aonyeshe kwamba ni mkazi, kama siyo, jina linafutwa na Prizer anapita bila kuchomoa hata kimpira. Mwenyewe kaja mpaka Ng'ambo, kazunguka kule kote, kafika amechoka. Kasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Bi Yerger, mimi sina ubaya. Lakini wifi yako ameondoka. Kila mtu anajua ameondoka."

Na mimi sina sauti! Siku ya kumjibu Clayton Prizer, Mungu kanifunga mdomo! Nimemwangalia tu. Kisha nikamletea maji ya kunywa, maana alikuwa na kiu, safari ndefu ile. Kanywa. Kasema, "Ni mbali huku." Nikamwonyesha daraja kwa kidole. Akavaa kofia yake.

Alipoondoka nililia kidogo. Siyo mafua. Ni kwamba ana haki. Nilikuwa nafanya kama bado upo. Namwagilia maua, nasimamia majani, namwambia dereva uko safarini. Niliwaandikisha watu mia kadhaa jina la mtu ambaye kila asubuhi alikuwa anavuka lile daraja na kikombe chake kuja kunywa kahawa yangu na kuisema vibaya. Labda sikutaka diwani. Nilitaka mtu wa kuvuka.

Sasa utacheka, na cheka. Merle kasema tarehe moja ataenda yeye wilayani, hata kama ni kusikia wanafuta tu. Mimi daktari kanikataza kutoka. Nitakaa dirishani.

Kama umeshakata shauri la nyumba, mwambie Dale anipe mimi kile chungu cha mawaridi.

Wifi yako,
Dot

*

Jikoni kwangu, Barabara ya Tulley, Hartzell
Desemba 1

Wifi yangu Dot,

Soma mahali palipoandikwa hapo juu. Soma tena. Ndiyo.

Barua hii anakuletea Merle mfukoni, na amekula kiapo kwamba hatafungua mdomo mpaka uimalize. Usimfinye. Na nimewaambia wote waliokuwa wilayani leo, na kata nzima ilikuwa pale: atakayempigia Dot simu kabla barua yangu haijamfika, bingo kwake ni marufuku maisha yake yote. Kwa mara ya kwanza katika uhai wako wewe ndiye mtu wa mwisho Hartzell kujua jambo. Nimelifurahia hilo tangu asubuhi.

Merle alinipokea jana uwanja wa ndege. Alijua wiki nzima na zaidi. Ule mluzi ulikuwa wa hilo.

Nimelala kitandani kwangu. Nyumba ina baridi na maua yako hai. Asubuhi nilifungua dirisha, nikanusa. Hakuna harufu mwezi huu, lakini nilinusa.

Tukaenda wilayani. Mwanasheria wa Prizer akasimama, akasema kwa heshima zote kwamba mimi ni mkazi wa Florida. Sikumsikia, Merle alinipigia kelele sikioni, ukumbi mzima ukasikia. Nikasimama. Nikawaambia: leseni yangu ya gari ni ya hapa. Kodi ya nyumba nalipa hapa. Daktari wangu wa meno yuko hapa, na meno yenyewe. Florida sijajiandikisha hata kwenye maktaba. Dale alitaka nijaze yale makaratasi ya kuhamia, kila mwezi ananiletea na kalamu, na kila mwezi nasema miwani sijui nimeiweka wapi. Ilikuwa usoni.

Kisha yule dada wa wilayani akafungua daftari lake la wapiga kura akasema jina langu lipo Hartzell, halijatoka, na zaidi ya hapo: Novemba nilipiga kura hapa hapa. Kwa posta.

Umefika hapo? Pumua.

Dot, ile kura moja ni yangu. Bibi Moyer hana hatia. Nilipopata ile karatasi, hukuwa umeniambia lolote, ulisema "dogo". Nikaona jina la Prizer na mstari mtupu chini yake. Nikawaza ni nani Hartzell nzima anayejua nyumba ipi ina mgonjwa na nyumba ipi haina maziwa. Sikuwaza hata dakika. Nikaandika Dolores Yerger, na nikaandika vizuri, nikalamba bahasha. Ulinicheka kwamba huwezi. Mimi nilikuwa nimeshapiga.

Na ndiyo, najua. Ningejiandika mimi, yasingefika kwenye vimipira. Merle amenieleza hesabu hiyo njia nzima. Nimemwambia anyamaze. Sijutii.

Basi wakaleta chupa. Ni ya ngozi, kuukuu, ina shingo ndefu. Prizer alichomoa kwanza. Alikuwa na jasho, nikamwonea huruma. Akaonyesha: kumi na moja. Kwa bingo yetu hiyo ni namba ndogo, Dot. Wa bondeni wote wakashusha mabega. Niliwaona, hilo linahitaji macho tu.

Zamu yangu. Nikatikisa chupa kama ninavyotikisa mimi, mara tatu na moja ya ziada. Yule dada akasema kitu, nadhani kwamba isitikiswe. Sikusikia. Kimpira kikanidondokea kiganjani. Nikakiangalia. Na hapo, Dot, sikujizuia, mdomo ulikwenda wenyewe kwa mazoea. Nilisimama mbele ya wilaya nzima na bendera na yule mwanasheria, nikaita kwa sauti yangu yote:

"B! SABA!"

 Kisha nyuma kabisa, mke wa Kriebel, yule wa kuomba radhi, akapanda juu ya kiti akapiga ukelele:

"BINGOOOO!"

Sijasikia kitu hivyo tangu marehemu mume wangu Lester aliponiacha. Niliusikia, Dot. Kwa masikio haya haya. Watu wakarusha kofia. Hershel alinibusu mbele za watu. Prizer alinipa mkono, akasema siku ile kwako ulimpa maji, na kwamba njia ni mbali kweli. Nikamwambia aje kwenye kikao cha Januari aseme hivyo hivyo, nitampa nafasi ya kwanza.

Nyumba haiuzwi. Dale analia, atapona, nitamtumia keki yako.

Ukipona uwe unakaa kiti cha mbele kila kikao. Utanisemea sikioni wanasema nini, nami nitawajibu. Ulisema mezani hupawezi. Hutakuwa mezani. Utakuwa kando yangu tu, na kijiko chako.

Sasa inuka uende dirishani. Huku kwetu kumeingia giza na nimewasha taa ya jikoni, ile ya njano. Kesho saa mbili asubuhi navuka, najibana kwenye kile kizuizi, na kikombe changu. Weka kahawa. Usiifanye nyepesi kama ile yako ya siku zote.

Na habari ya kura yangu ibaki kati yetu sisi wawili na Merle, usimwambie mtu.

Nakutania. Chukua simu. Sauti ikiwa imerudi, waambie wote.

Diwani,
Verna